Ewe Barua ya Mapendekezo, Pokea Sifa Zako

Washairi wetu wamesifu mnazi, jahazi, mke mwema na chama tawala. Barua ya mapendekezo hakuna aliyeikumbuka, ilhali sijui mwanafunzi wa uzamili au uzamivu aliyepata ufadhili bila kuibembeleza kwanza. Leo napiga magoti mbele yake.

Nianze na utaratibu wake, maana unapendeza sana ukiusoma kwenye maelekezo. Mfadhili aliye London, Bonn au Brussels anataka kujua habari zako za kweli, zile ambazo mwenyewe huwezi kuzisema bila kujipendelea. Kwa hiyo anamwomba mwalimu wako aandike kwa siri kama una akili, kama unamaliza unachoanza, kama unaelewana na watu. Mwalimu huyo anasimamia tasnifu nyingi kuliko majina anayoweza kukumbuka, ana kilima cha karatasi za mitihani ya mwaka wa kwanza mezani, na keshokutwa ana kikao Dodoma. Unabisha hodi.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba. Sema haraka mwanangu, natoka."

Unasema. Anakuangalia kidogo, anaangalia simu, kisha anatoa ile hukumu ambayo wahitimu wetu wanaijua kwa moyo: "Andika wewe, uniletee nisaini."

Hapo ndipo barua inapoanza kuonyesha ukarimu wake. Siri iliyotungwa ili wewe usiijue, sasa unakabidhiwa wewe uitunge.

Basi unakaa usiku hosteli, mwenzako anakoroma, na unaanza kujifahamu kwa miaka minne. Wahaya wana majigambo: shujaa husimama mbele ya wakubwa, mkuki mkononi, akataja jina lake na aliyoyatenda, na kila mtu anajua anayesema ni nani. Yetu ni majigambo ya kujificha. Unajigamba kwa nafsi ya tatu, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mzee aliyechoka, na badala ya mkuki umeshika fleshi iliyojaa virusi vya stesheneri. Ukijiita "mzuri" umejiua, kwa sababu mshindani wako ameandika kwamba katika miaka 25 ya ualimu mwandishi hajaona mfano wake. Nawe ukiandika hivyo, mfadhili anabaki na rundo la wanafunzi ambao kila mmoja hana mfano, na wote wametoka idara moja.

Na barua haiji peke yake. Wafadhili wengi huomba mbili. Fulbright ya Marekani huomba tatu. Unalazimika kuzaa walimu watatu wenye tabia tofauti. Wa kwanza mzee, sentensi ndefu. Wa pili kijana aliyerudi juzi kutoka masomoni, mchangamfu, anapenda alama ya mshangao. Wa tatu mkali kidogo, na huyu umpe kasoro moja ya kukusema, iliyochaguliwa kwa uangalifu: kwamba unafanya kazi mno hadi unasahau kupumzika. Nani mwingine anafundisha uandishi wa kubuni bure namna hii?

Wanaoona haya wajue kwamba barua yetu ina ukoo wa heshima. Desiderius Erasmus wa Rotterdam, ambaye jina lake limebebwa na programu ya Ulaya ya kubadilishana wanafunzi tangu 1987, alikuwa mwanafunzi mwenye njaa kama sisi. Mwaka 1495 alifika Paris kusoma theolojia, akitegemea posho aliyoahidiwa na Askofu wa Cambrai. Posho ikaja kidogo na kwa kusuasua. Wanaongoja fedha za kujikimu kila muhula hawahitaji kuelezwa zaidi. Akakaa katika bweni la Montaigu, ambalo baadaye alilisema vibaya sana, hadi mayai yake viza. Mwishoni mwa mwaka 1500 akamwandikia rafiki yake Jacob Batt, aliyekuwa mwalimu katika nyumba ya Anna van Borselen, bibi mkubwa wa Veere. Akampangia maneno ya kumwambia bibi huyo: wanatheolojia wengine anaowatunza wanahubiri mahubiri ya kawaida yanayosikika kanisa moja au mawili, lakini atakayoandika Erasmus yatasomwa kila nchi na hayatakufa. Batt kazi yake ilikuwa kufikisha. Yaani miaka mia tano kabla ya Prof wetu, mwombaji alishaandika mwenyewe na mdhamini akatia sauti yake tu. Bibi, kwa bahati mbaya, hakutoa kwa kiasi alichotarajiwa.

Ni Erasmus huyohuyo aliyechapisha, mwaka 1511, kitabu ambamo Upumbavu unapanda jukwaani na kujisifu wenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza kuusifu. Sidhani alihangaika sana kutafuta wazo hilo. Leo udhamini wa Erasmus Mundus ni euro 1,400 kwa mwezi, na nyingi ya programu zake zinataka barua mbili kutoka kwa watu wanaokufahamu.

Siku hizi wafadhili wameerevuka. Hawataki karatasi, wanamtumia mdhamini kiunganishi kwenye baruapepe ya chuo, apakie barua mwenyewe, mwombaji asiione. Gmail hawaitaki, wanaona ni ya mitaani. Lakini baruapepe ya chuo ya Prof haijafunguliwa tangu siku mafundi walipoiunda, na nywila yake iko kwenye kikaratasi cha manjano kilichobandikwa chini ya kibodi ya katibu muhtasi. Ndipo unapogundua nani hasa anatoa ufadhili. Mama huyu anajua Prof ameingia saa ngapi na ametoka kwa mlango upi. Karatasi zenye nembo amezifungia droo ya pili, mhuri uko kwenye mkoba wake, na anakumbuka vizuri nani humwamkia kila siku na nani humwamkia siku ya shida tu. Mimi nikipewa kamati ya kugawa tuzo, ya kwanza inakwenda kwake.

Chevening wa Uingereza nawalaumu. Wao huomba barua mbili za mwombaji baada ya kumteua kwenda kwenye usaili, si kabla. Fikiria hasara: maelfu ya waombaji wanaanguka hatua ya kwanza bila kumkimbiza profesa hata mmoja kwenye maegesho ya magari! Huko ni kuidhalilisha barua. Na utaratibu huo ukienea, walimu watapata muda wa kusoma tasnifu, jambo ambalo litawashtua wengi.

Sifa yake kubwa kuliko zote ni kwamba inapima. Mtihani hupima ulichojua asubuhi moja. Barua hupima hatua ngapi zipo kati yako na mlango wa ofisi. Mtoto aliyekulia nyumba za wahadhiri anayo kabla hajaiomba, tena imeandikwa na aliyeisaini. Kijana anayeendesha bodaboda usiku ili alipe ada, akakaa kiti cha nyuma akisinzia, anaweza kuwa na alama za juu darasa zima na asipate mtu wa kusema anamfahamu. Mfadhili akisoma barua yake kavu ya mistari minne, anahitimisha kwamba huyu hana lolote. Mizani hiyo haikosei: kila mwaka inatupa majibu yaleyale.

Kuna bei moja ya saini ambayo hata mimi niliyekuja kusifu sina pambo la kuivisha. Ni ile anayodaiwa mwanafunzi wa kike mlango ukiwa umefungwa. Tanzania tunayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na kifungu chake cha 25 kinaitaja rushwa ya ngono waziwazi kuwa kosa. Kesi hizo zinapelekwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Si za kwenda kuombewa radhi kwa mkuu wa idara.

Turudi kwenye sifa, kwa sababu muda unakwisha. Programu nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari, na Prof akisafiri hasemi anarudi lini. Ndugu msomaji unayetaka kuomba, anza kujiandikia leo, acha nafasi ya saini na mhuri, na kesho asubuhi ukipita idarani, mwamkie yule mama kabla hujataja shida yako.