Sifa za Doa la Mawese

Doa la mawese halina mtetezi jikoni. Mboga ikishalala usiku mmoja kwenye bakuli jeupe la plastiki, asubuhi bakuli lina rangi ya chungwa, na hapo sabuni, majivu na maji ya moto vyote hushindwa. Dumu lililobeba mawese msimu mmoja haligeuzwi tena kuwa dumu la maji ya kunywa. Mgeni hafungiwi chakula cha kwenda nacho kwenye bakuli lenye doa. Mimi nalitetea. Katika vyote vilivyomo kwenye nyumba za kwetu Muyama, sijui kingine kinachotufundisha afya kwa ukweli kama doa hili.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba halijifichi. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, ile ile iliyomo kwenye karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini haiyeyuki kwenye maji. Makao yake ni mafuta. Plastiki nyingi za jikoni nazo zimetokana na petroli, na zina tabia ya mafuta, kwa hiyo karotini huzizoea upesi na kuzama ndani ya ukuta wa chombo. Ndiyo maana kusugua hakusaidii. Kinachosuguliwa ni uso wa bakuli, na rangi ilishapita huko. Mimina mawese yale yale kwenye glasi au sufuria, uoshe kwa sabuni, rangi yote inaondoka.

Sifa ya pili ni kubwa zaidi: doa linatuonyesha kwamba plastiki si ukuta uliozibwa. Njia inayoingiza karotini ndiyo inayotoa vingine. Kiwandani plastiki huongezewa kemikali za kuilainisha, kuipa rangi na kuikinga na jua na joto. Nyingi kati ya hizo hazikushikamana nayo moja kwa moja, na kama karotini, hupenda mafuta. Chakula chenye mafuta kikikaa humo, huzivuta kidogo kidogo, bila rangi, bila harufu, bila ladha. Miongoni mwake ni thaleti, zinazolainisha baadhi ya plastiki. Kuna pia bisfenoli A, ambayo hutengenezewa plastiki ngumu na utando wa ndani wa makopo. Zote mbili zinashukiwa kuvuruga homoni. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bisfenoli A kwenye chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011, na mwishoni mwa 2024 ukapanua marufuku hiyo hadi kwenye vifaa vingi vinavyogusa chakula.

Huku kwetu milimani jambo hili lina uzito wake. Muyama, katika wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu, ina baridi kuliko mwambao wa Ziwa Tanganyika, na mawese huganda ndani ya dumu. Ili yamiminike, tunaliweka dumu juani, tunalisogeza karibu na mafiga, au tunalitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Mambo matatu huharakisha kemikali kutoka kwenye plastiki: mafuta, joto na muda. Dumu la mawese lililokaa miezi kadhaa, kisha likapashwa moto kila wiki, limeyakusanya yote matatu. Maabara za Ulaya zinapopima vyombo vya vyakula vya mafuta hutumia mafuta ya mimea, na kikomo cha jumla cha kinachoruhusiwa kutoka ni miligramu 10 kwa kila desimita ya mraba ya plastiki. Sisi jikoni hatuna mashine ya kupima hivyo. Tuna doa.

Na doa linastahili sifa zaidi tukilipima na vile visivyoacha alama. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na ni jambo jema, lakini vifungashio vya plastiki vya vyakula vingi bado vipo kihalali. Wali unaofunikwa kwa nailoni ili uive kwa mvuke hauachi rangi. Chapati ya moto iliyofungwa kwenye nailoni haiachi rangi, wala uji wa moto uliomiminwa kwenye chupa ya maji iliyokwisha kazi. Kwa kuwa hatuoni kitu, tunadhani hakuna kilichopita.

Doa lenyewe si sumu. Tena, likianikwa juani hupauka, kwa sababu mwanga huivunja karotini. Kupauka huko kusitufanye tuamini kwamba chombo kimetakata.

Basi tulitii. Mawese yakae kwenye chupa za glasi au vyombo vya chuma cha pua. Asiyekuwa navyo atumie dumu lililotengenezewa chakula, alitunze mbali na jua na moto. Yakiganda, dumu lisipashwe. Yachotwe kwa mwiko yakayeyukie sufuriani. Mboga ya samaki aina ya migebuka ipoe kabla ya kuingia kwenye bakuli. Wali ufunikwe kwa mfuniko au jani la mgomba. Bakuli lililokwisha kushika rangi lipewe kazi ya maharage makavu, kwa kuwa chakula kikavu kisicho na mafuta huvuta kemikali kidogo sana. Na dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba au mafuta ya taa lisiingie jikoni kamwe, hata lingeoshwa mara ngapi, maana kilichozama ndani ya ukuta wake kitatoka kwenye chakula.

Nawaomba wahudumu wa afya wanaowafundisha akina mama kliniki wabebe bakuli moja lenye doa. Mama akiambiwa alisugue mwenyewe mpaka achoke, ataelewa kwa nini uji wa mwanawe haufai kumiminwa ukiwa wa moto kwenye plastiki.