Mtihani Bila Mteja

Mpwa wangu anasoma kompyuta chuoni. Mtihani wa kuandika programu kaufanyia kwenye karatasi, kwa kalamu ya wino. Swali: andika programu ya C itakayotoa namba za Fibonacci. Kijana kasahau nukta mkato, alama zikaenda. Nukta mkato! Kitu ambacho kompaila inakupigia kelele papo hapo.

Mimi nakula kwa kazi hiyo hiyo, na sijapata kuona mteja aliyekuja mbio akitaka Fibonacci. Wateja wangu wana namba za simu. Mmoja kaandikwa 0754, mwingine +255 754, wa tatu kaanza na 754 tu, kwa sababu orodha ilipitia kwenye programu ya majedwali, nayo ikiona sifuri mbele ya namba inaila bila hata kunawa. Hao watatu ni mtu mmoja, na anadaiwa. Halafu kuna mhudumu wa kliniki anayeingiza miadi ya saa 2, akimaanisha asubuhi kama sote tunavyojua. Kompyuta haijui. Imeandika 02:00, na mgonjwa anaamshwa na ujumbe usiku wa manane kwamba daktari anamsubiri. Hilo mbona halitungiwi swali?

Ningetunga mimi, mwanafunzi angepewa programu ya mtu aliyeacha kazi kwa hasira, isiyo na maelezo hata mstari mmoja, na faili linaitwa mpya_ya_mwisho_2. Aambiwe kuna kosa, asiambiwe lilipo. Intaneti aachiwe, sisi tunaolipwa tunashinda humo kutwa, na hakuna msimamizi anayetunyang'anya karatasi.

Nilimweleza mhadhiri mmoja. Akaniangalia kwa huruma. "Ndugu yangu, darasa limefurika hadi dirishani, mashine za maabara nusu ni mbovu. Mtihani huo niusahihishe lini?" Hapo nilinywea. Fibonacci unaisahihisha hata ukiwa kwenye daladala.

Lakini hata karatasi inabeba swali la maana, mwalimu: chapisha programu mbovu, waulize imeharibikia wapi, na kabla ya kuigusa wangemuuliza mteja nini. Kasema atafikiria. Akikubali, nafasi ya mteja naiomba mimi, bure kabisa. Nitaingia ukumbini nimechelewa, mtihani ukikaribia kwisha, niseme, "Kaka, si kabadiliko kadogo tu?" Kisha nizime simu.