Sifa za Mheshimiwa Jibu la Uongo

Waongo wenye heshima zao ni wengi, lakini hakuna anayemfikia jibu la damu ya mbwa lililokosewa. Huyu mheshimiwa huja amechapwa kwenye karatasi ya maabara, ana tarakimu na nukta yake, na alama nyeusi pembeni. Nani wa kumbishia?

Mtazame akizaliwa. Daktari wa mifugo anavuta damu na kujaza kwanza kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani kina chumvi ya potasiamu inayoinasa kalsiamu ili damu isigande. Kichupa cha pili kimepungukiwa, basi anakiongezea matone mawili kutoka kile cha kwanza. Kwani si damu ileile? Mashine inasoma: potasiamu imepaa, kalsiamu imeporomoka. Kwa mujibu wa karatasi, marehemu moyo ulisimama zamani. Marehemu mwenyewe yuko chini ya meza, anatafuna kamba za viatu vya daktari.

Ukarimu wake hauna mipaka. Damu ikiachwa saa kadhaa bila kutenganishwa, chembe hai zilizomo huendelea kula sukari, na mbwa aliyeshiba anaandikwa kapungukiwa. Akipimwa punde baada ya kula mafuta, seramu yake inakuwa nyeupe kama tui, na vipimo kadhaa vinayumba.

Wala hadharau ukoo. Greyhound, mkimbiaji aliyejaliwa chembe nyekundu nyingi kuliko mbwa wengine, humtuhumu kuwa kaishiwa maji. Cavalier King Charles Spaniel wengi wana chembe sahani chache lakini kubwa mno. Mashine inazipita ikidhani ni chembe nyekundu, kisha inatangaza kwamba mbwa atatokwa damu hadi aishe. Huu ndio usawa.

Hata pasipo kosa la mtu, mheshimiwa hakosi riziki. Viwango vya kawaida huwekwa ili mbwa wazima 95 kati ya 100 wawe ndani yake. Mpime mzima vipimo 20 visivyotegemeana, na uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ni kama asilimia 64.

Adui yake ni yule fundi wa maabara mbishi anayeweka tone chini ya darubini, akaona chembe sahani zimeshikamana mafungu mafungu, akaagiza damu nyingine. Kipimo cha kurudia, bila shaka, analipa mwenye mbwa.