Protini ya Simba

Mama ana kanuni moja ya kulisha wazee: wapewe vyepesi. Baba, mwalimu mstaafu wa hesabu, jioni hupewa uji. Simba, mbwa wetu wa miaka 11, hupewa ugali laini uliolowekwa mchuzi wa dagaa, na dagaa wenyewe wanahesabika. Hakuna aliyeipinga kanuni hiyo hapa Mbezi mpaka Simba alipoanza kukonda mapaja huku tumbo likinawiri, akawa na umbo la mheshimiwa wa vipindi vitatu bungeni.

Daktari wa mifugo alikuja, akampapasa mgongo, akachukua damu ya kupima figo. Majibu yalipotoka alisema figo ni nzima, tatizo ni misuli inayoisha. Mwili wa mbwa mzee hauitumii protini vizuri kama wa kijana, kwa hiyo mzee anahitaji zaidi, si pungufu. Ile hofu kwamba protini nyingi inaua figo za mbwa mzee imepitwa na wakati. Protini hupunguzwa pale figo zinapokuwa zimeshaugua, na hata hapo cha kwanza kuangaliwa ni fosforasi. Kinachotakiwa kupunguzwa kwa mzee mzima wa afya ni nguvu ya ziada ya mafuta na wanga, maana siku hizi Simba hafukuzi bodaboda, anazitazama tu zikipita.

"Mtafutieni chakula kikavu cha mbwa wazee, chenye protini ya kutosha," akasema, akapanda gari lake akatuachia mtihani.

Dukani muuzaji alituwekea mbele mfuko wenye picha ya mbwa mwenye mvi, anatabasamu kwa meno yote 42. Alipotaja bei, Baba alitafuta mahali pa kukaa. Mimi nikageuza mfuko nisome nyuma. Wamarekani wana chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo, AAFCO, ambacho viwango vyake hufuatwa na watengenezaji wengi: mbwa mkubwa apate protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula kikishatolewa maji, na anayekua apate 22.5. Wazee hawana safu yao. Kwa hiyo anayeandika "mzee" kwenye mfuko anaandika anavyoona yeye, na ipo mifuko ya wazee yenye protini ndogo kuliko ya vijana. Wenzetu nao wana akina Mama.

Muuzaji, alipoona tunasitasita, alileta mfuko wa watoto wa mbwa. "Huu protini imejaa, mzee. Utamrudisha ujana." Ni kweli imejaa, lakini na mafuta yamejaa vilevile. Kwa lishe ile Simba tungekuwa tunamtoa nje kwa toroli.

Kisha akafanya kosa la kumwambia mwalimu wa hesabu kwamba chakula cha kopo ni dhaifu kwa sababu kina asilimia 8 tu, wakati cha mfuko kina 26. Baba akaomba kalamu. Kopo lile lilikuwa maji asilimia 78, akaandika kwenye boksi la muuzaji mwenyewe. Kinachobaki ni 22, na 8 ndani ya 22 ni zaidi ya 36. Mfuko una unyevu wa 10, kinachobaki ni 90, na 26 ndani ya 90 ni 29 hivi. "Nani dhaifu?" Wateja wawili waliokuwa nyuma yetu walinyamaza kama wanafunzi wasiofanya kazi ya nyumbani. Tulinunua mfuko hata hivyo. Makopo ya kumtosha mbwa wa kilo 30 yangemaliza pensheni kabla ya tarehe 10.

Nyumbani shemeji yangu, mtu wa maabara, alikuja kutuharibia furaha. Alisema ile "protini ghafi" ya kwenye mfuko kwa kawaida haipimwi yenyewe. Hupimwa naitrojeni, kisha huzidishwa kwa 6.25. Ukichanganya kitu kingine chenye naitrojeni, karatasi itasoma protini. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2007, gluteni ya ngano kutoka China ilipotiwa melamini, na mbwa na paka wa Marekani wakaharibika figo na kufa. Na yule kuku aliyeandikwa wa kwanza kwenye orodha ya viungo? Amepimwa na maji yake yote, kabla ya kukaushwa. Baba alitikisa kichwa: "Kumbe kuku amepanda mizani akiwa amelowa."

Daktari alikuwa ameagiza tuchanganye kidogo kidogo, kwa wiki moja au zaidi. Shemeji huyohuyo, bingwa wa naitrojeni, alimwonea Simba huruma jioni ile akamjazia bakuli zima la punje kavu. Kilichofuata usiku sitakieleza. Kapeti la sebuleni, lile linalotandikwa wageni wakija tu, lilikaa juani siku kadhaa.

Tulipoanza upya kwa utaratibu, Simba akawa anachambua: ugali huku, dagaa tumboni, punje nje ya bakuli. Kuku wakazisafisha. Mayai yakaongezeka, na Mama kwa mara ya kwanza akausifu ule mfuko. Dawa ilikuwa kumwagia punje maji ya uvuguvugu yaliyochemshiwa dagaa, bila chumvi, na bila kitunguu kabisa, maana kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Harufu ilipopanda, Simba alisahau uzee. Daktari aliporudi kumpapasa mapaja alisema yanajaa, polepole, na mnyama anatembezwa kila asubuhi kama alivyoagiza.

Jioni hiyo Baba alikiangalia kikombe chake kwa muda. "Huu uji," alisema, "ni maji asilimia 90. Nikiyatoa, unabaki unga wa mahindi, protini 8 au 9. Mbwa yuko kwenye 29. Mama Neema, katika nyumba hii nani alisomesha watoto?"

Mama hakuibishia hesabu. Aliuliza tu kama yeye figo zake zimeshapimwa.