Jinsi ya Kuidai Vim Amri Mpya ya Kuchuja

Kwanza kabisa, usifungue mwongozo wa Vim. Ukiufungua utakuta kwamba :g/kosa/d hufuta kila mstari wenye neno "kosa", na :v/kosa/d hufanya kinyume: hubakiza mistari hiyo na kufagia mingine yote. Utakuta pia :sort u, inayopanga mistari na kuondoa iliyojirudia. Hapo pendekezo lako litakuwa limekufa, nawe ulishajiona mgunduzi.

Andika kwa ujasiri: "Inashangaza kwamba hadi leo haiwezekani kuchuja mistari." Hilo "inashangaza" usilisahau. Linawafaa sana watu wanaoitunza programu kwa kujitolea.

Sasa uje kwenye uhondo wenyewe, jina. Dai herufi moja tu, maana wewe una haraka kuliko wenzako. Ukiambiwa zote 26 zimeshachukuliwa, kuanzia :a ya kuongeza maandishi hadi :z ya kuonyesha mistari, pendekeza mtu apokonywe. Kwa mfano :k, nani anaitumia? (Yupo, na atakujibu kabla chai yako haijapoa.) Wakikueleza kwamba :g ni urithi wa ed, kazi ya Ken Thompson, na kwamba hata grep imetokana na amri yake ya g/re/p, wajibu kuwa hayo ni mambo ya wazee.

Tahadhari: hapo hujitokeza mpole mmoja akakuonyesha mstari wa kutia kwenye faili lako la vimrc:

command! -nargs=1 Chuja v/<args>/d

Ukiutia, :Chuja kosa itakubakizia mistari yenye "kosa" peke yake, na shida imekwisha. Usiutie! Aliyetatuliwa shida hana tena la kudai. Lalamika kwamba amri za kujitungia lazima zianze kwa herufi kubwa, na kidole chako hakiwezi mateso hayo. Wakikuomba msimbo na majaribio yake, sema wewe ni mtu wa mawazo.

Ukichoka kubishana, andika :help uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, aliwaomba wanaoifurahia wawachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda. Ombi hilo huonekana kwenye skrini ya mwanzo ukiifungua Vim bila faili, na bila shaka nalo hukulisoma. Lisome leo, kisha uchange chochote ulicho nacho.