Gari la Mjomba Lililodekezwa

Mjomba wangu analipenda gari lake kiasi kwamba halitembezi. Ni gari dogo jeupe la Kijapani, linaloishi chini ya turubai nyumbani kwake Raskazone, Tanga, karibu kabisa na bahari. Kila Jumamosi hulifunua, huliosha, huliwasha na kusikiliza injini ikinguruma huku macho kayafumba, kisha hulizima. Hulifunika tena magurudumu yakiwa bado yanadondosha maji. Na kabla ya kufunika huvuta hendibreki kwa mikono miwili, utadhani gari lina mpango wa kutoroka.

Anayekaa pwani anajua kinachofuata. Kusi ikivuma, chumvi huingia kila mahali: kwenye nondo za madirisha, kwenye bawaba, hata kwenye midomo ya watu. Sasa diski ya breki ni chuma kitupu. Uso wake haupakwi rangi, maana ndipo pedi zinapobana. Ikilowa usiku, asubuhi ina rangi ya machungwa, na hilo wala si la kukukosesha usingizi: ukitoka barabarani ukakanyaga breki taratibu mara chache, pedi zinakwangua ule unga na diski inang'aa. Kutu mbaya ni ile inayopewa muda. Maji ya chumvi huiharakisha, turubai linafungia unyevu ndani, na hendibreki iliyovutwa inazigandamiza shuu za breki, vile vipande vyenye umbo la hilali, kwenye dramu za nyuma mpaka vikashikana na chuma.

Basi kijana wa jirani akaoa. Mjomba akatangaza kwamba bwana harusi atapelekwa kwa bibi harusi, mtaa wa Ngamiani, kwa gari lake, si la kukodi. Likapambwa maua na utepe. Bwana harusi akaingia na joho lake, wanawake wakapiga vigelegele, mjomba akashusha hendibreki kwa madaha na kuachia klachi.

Magurudumu ya mbele yakavuta. Ya nyuma yakagoma kuzunguka. Gari lilikwenda, kwenda lilikwenda, ila lilichimba mitaro miwili uani kama jembe la kukokotwa na ng'ombe. Vigelegele vikakatika, isipokuwa vya bibi mmoja asiyeona vizuri, ambaye aliendelea mpaka akashikwa mkono.

Papo hapo mtaa mzima ukawa gereji. Mmoja akataka tulisukume. Mwingine alifika mbio na kopo la oili chafu, eti tumiminie ndani ya magurudumu palainike. Wa kumwogopa ni huyo! Oili ikigusa shuu au pedi, breki haishiki tena. Bwana harusi angempita mke wake Ngamiani akaenda kusimama Muheza. Tulimnyang'anya kopo. Bwana harusi akaondoka na bajaji, joho likipepea nje.

Fundi alikuja baada ya alasiri, kijana mpole. "Shikamoo mzee." Akaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akapiga jeki, akafungua tairi la nyuma, kisha akaigonga dramu kwa nyundo, pole pole, akiizunguka. Ilipoachia, ulimwagika unga wa kahawia, na tukaona kipande cha shuu kimebaki kimeng'ang'ania ndani ya dramu. Mbele nako, zile pini ambazo kalipa, kile kibanio cha pedi, huteleza juu yake zilikuwa kavu. Moja ilitoka kwa kuzungushwa na spana huku ikilia. Pini ikikwama, pedi moja huliwa na mwenzake anabaki mnene. Fundi akazisugua kwa msasa laini, akazipaka grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake.

"Mzee, ukishaliosha, lizungushe kidogo breki zikauke. Kama litalala muda mrefu, liweke gia na jiwe kwenye tairi, hendibreki iache chini."

"Kwa hiyo nilitembeze?" mjomba akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa auze shamba.

"Mzee, hili ni gari."

Kutembeza amekubali, siku hizi hulipeleka kununua mkate. Tatizo ni kwamba fundi aliongeza neno moja: mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewani, kutu ikaanzia ndani kwa ndani, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Mjomba akasikia kwamba mafuta yanataka kuangaliwa. Basi kila asubuhi hufungua kifuniko cha kopo la mafuta hayo, humulika kwa tochi, hunusa, kisha huacha kopo wazi "lipumue" wakati yeye anakunywa chai.

Fundi ameniomba nimwambie aache. Mimi mpwa, nitaanzia wapi? Nimempelekea mkaza mjomba ujumbe huo, naye amesema yeye aliolewa na mwanamume, mambo ya breki yana fundi wake.