Spana Namba Kumi

Mwandishi wa makala haya alijitafutia balaa mwenyewe siku ile alipompeleka mjomba wake kwenye maonyesho ya sanamu za chuma jijini Nairobi. Mjomba alikuwa ameshuka alfajiri kutoka Mombasa kwa basi la usiku. Ametengeneza magari miaka arobaini, na mfukoni mwake hamkosi spana namba kumi, kama mifuko ya wazee wenzake isivyokosa leso.

"Leo twaenda kutazama sanaa, mjomba."

"Sanaa ya nini?"

"Vyuma chakavu."

Mzee akanyamaza kidogo. "Na kiingilio twalipa?"

Walilipa. Uani, juu ya nyasi zilizofyekwa vizuri, alisimama kifaru mwenye kimo cha kifaru hasa. Mwandishi, aliyekuwa amejisomea usiku kucha ili asiaibike, akaanza kuhutubu: Nairobi ina jina katika kazi hizi, Kioko Mwitiki amesifika kwa ndovu aliowaunda kwa vyuma chakavu, naye Cyrus Kabiru hutengeneza miwani ya ajabu kwa takataka za mjini, kazi aliyoianza utotoni baada ya babake kukataa kumnunulia miwani.

Alipogeuka, hakuwa na msikilizaji. Mjomba alikuwa amechuchumaa chini ya tumbo la kifaru kama anayetafuta oili inavujia wapi.

"Mbavu hizi ni springi za lori," ilitoka sauti huko chini. "Goti ni beringi ya gurudumu. Na hii shingoni ni cheni ya pikipiki. Haikuona grisi tangu izaliwe."

Kibao kilichochomekwa ardhini kiliandikwa tu kwamba kazi hiyo ni ya vyuma mchanganyiko. Mjomba akakidharau. Akasimama, akalikaribia jicho la kifaru, ambalo lilikuwa plagi ya gari, akalifuta masizi kwa kidole. "Jicho jeusi hivi, gari lake lilikuwa likinywa petroli kupita kiasi. Mwenyewe alifilisika, ndiyo maana plagi iko hapa."

Mwandishi akaona afadhali apigwe picha. Ilikuwa saa saba mchana. Akauegemea ubavu wa kifaru kwa mkono mmoja, akatabasamu, kisha akaruka na kupiga ukelele uliowageuza watoto wa shule waliokuwa upande wa pili wa uwanja. Mafundi wa Kamukunji na Gikomba hawakuitwa jua kali kwa mzaha: wameponda masanduku, makarai na majiko juani miaka nenda miaka rudi, na wanajua chuma cha mchana hakishikwi ovyo. Mwandishi hufanya kazi kivulini.

Mkono ulipopoa, likaonekana la pili. Shati jeupe, lililopigwa pasi na mkewe asubuhi ile ile, lilikuwa limepakwa kutu kuanzia kwapani hadi kiunoni.

"Hawakumpaka vanishi huyu," mjomba alitoa hukumu. "Kwetu Mombasa, pale Mapembeni, zile pembe za ndovu za barabarani zimesimama tangu miaka ya 1950 zikipigwa na upepo wa chumvi, na kutu huioni. Kwa nini? Ni aluminiamu." Hapo alisema kweli. Aluminiamu ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba unaoilinda, ilhali kutu ya chuma humeguka na kuendelea kula ndani.

Mwandishi akajaribu kuokoa heshima yake kwa mfano mzito. Akasimulia habari za Msumbiji, ambako baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1977 hadi 1992, Askofu Dinis Sengulane alianzisha mradi wa watu kusalimisha silaha na kupewa majembe, baiskeli na vyerehani. Bunduki zilikatwakatwa, wasanii wakapewa vipande. Mwaka 2001 msanii Kester akaunda kiti cha enzi ambacho sasa kimo katika British Museum, London.

Mjomba alisikiliza kwa makini, mara ya kwanza siku hiyo. "Na hicho kiti, mtu hukikalia?"

"Hapana, mjomba. Ni cha kutazamwa."

"Bunduki imetubu ikawa kiti, na bado mtu asimama!"

Baadaye alimwuliza mhudumu kama kifaru ana risiti. Swali halikuwa la kipuuzi: Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya mitambo ya umeme kuharibiwa, na kwa miezi kadhaa mwenye rundo la chuma alitazamwa kwa jicho la pembeni. Mhudumu alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu mjomba alikuwa ameshaitoa spana.

Sikio la kushoto la kifaru lilikuwa limelegea. Mizunguko mitatu, likasimama wima.

"Mzee! Hairuhusiwi kugusa! Sikio hilo liliinamishwa makusudi!"

"Nati ilikuwa inacheza," mjomba alijibu kwa upole. "Lingemwangukia mtoto wa watu."

Mhudumu alilitazama sikio. Akalitikisa. Akatazama kulia na kushoto, kisha akamsogelea mzee na kumnong'oneza kwamba nje ya lango ana pikipiki, ambayo tangu juzi haiwaki mpaka isukumwe.

"Plagi umeitazama?" mjomba aliuliza, akielekea langoni.